Habari Itokayo Mizizini

Tangu zama za kale watu walimao katika nchi zenye mvua chache wamejua ya kwamba mmea uliokosa maji hunyauka, na ya kwamba ukipata mvua kwa wakati wake hurudiwa na uhai, na mvua ikikawia hufa. Na kwa kuwa jambo hili huonekana kwa macho kila kiangazi kinapozidi ukali, wachache waliona haja ya kulitafutia maelezo, maana maelezo yalionekana yamo ndani ya jambo lenyewe: maji yamekwisha, basi mmea umekauka. Dhana hiyo ilidumu karne nyingi, nayo si sahihi. Mmea hauketi kungojea maji yaishe. Siku kadhaa kabla ya jani kulegea, ilhali udongo ungali na unyevu unaohisika mkononi, mmea umekwisha kuanza kupunguza matumizi yake, kuyazuia majani yake yasitoe mvuke mwingi, kuyachelewesha majani machanga yasikue, na kuisukuma mizizi yake ishuke chini zaidi. Na yote hayo huyafanya bila ya jicho wala ubongo, kwa tadbiri ambayo wanazuoni wa nchi mbalimbali wameifuatia kwa karibu miaka mia tatu, nao hawajaimaliza.

Miongoni mwa waliotangulia kuiweka mizani mbele ya maneno yuko Jan Baptist van Helmont, tabibu wa Brussels, ambaye maandishi yake yalitolewa mwaka 1648 baada ya yeye kufa. Alipanda mwerebi wenye uzito wa ratili 5 katika ratili 200 za udongo uliokaushwa, akawa anaunywesha maji ya mvua kwa miaka 5. Alipoung'oa, mti ulikuwa na ratili 169 na zaidi, na udongo ulipokaushwa tena ulikuwa umepungua kiasi cha wakia 2 tu. Akahukumu kwamba mti wote umetokana na maji. Hukumu hiyo ilikuwa na kasoro, kwa kuwa hakujua bado kwamba sehemu kubwa ya mwili wa mmea hujengwa kwa kitu kitokacho hewani. Walakini jaribio lake liliwaachia waliokuja nyuma yake swali jema: maji yote yale yaliyomwagwa kwa miaka mitano, mengi kuliko uzito wa mti wenyewe, yalikwenda wapi?

Aliyelijibu ni Stephen Hales, kasisi wa Teddington, kijiji cha kando ya mto Thames karibu na London, aliyekaa katika kazi hiyo tangu mwaka 1709 hata alipofariki mwaka 1761. Kasisi huyu alishika itikadi moja ambayo iliongoza kazi yake yote ya ilimu, nayo ni kwamba Muumba ameviumba vitu vyote kwa hesabu, kwa uzani na kwa kipimo, na kwa sababu hiyo mwenye kutaka kuifahamu kazi ya Muumba hana budi kuhesabu, na kupima uzani, na kupima urefu, asiridhike na kukisia. Mwezi wa Julai mwaka 1724 alitwaa alizeti iliyoota katika chungu, kimo chake futi tatu na nusu, akakifunika chungu kwa bamba jembamba la risasi na kuziba pembezoni mwake, pasibaki njia ya mvuke kutoka katika udongo wenyewe, akaacha tundu ya kutilia maji tu na mrija mwembamba wa kupitishia hewa. Kisha akawa anakiweka mizanini asubuhi na jioni, kwa siku 15 zilizochaguliwa kati ya mwezi huo na mwanzo wa Agosti. Akaona kwamba kwa wastani alizeti ile ilitoa wakia 20 za maji kwa mchana mmoja, na siku moja ya joto na ukavu ilitoa wakia 30. Usiku wenye joto usio na umande ilitoa kiasi cha wakia 3, na umande ulipoanguka haikupungua kitu, na pengine ilizidi uzito. Hakutosheka na hayo. Aliyachuma majani yote, akayagawa mafungu kwa ukubwa wake, akayapima eneo kwa wavu wa nyuzi wenye miraba ya robo inchi, ili ajue kila inchi ya jani imetoa kiasi gani; na alipolinganisha mmea na mwili wa binadamu, ukubwa kwa ukubwa, alipata ya kuwa alizeti hupitisha majimaji mara 17 kuliko mtu kwa muda wa mchana na usiku.

Kitabu alichoyakusanyia majaribio haya kilitoka mwaka 1727, na mtu akisomaye leo hustaajabu jinsi kazi hiyo ilivyo karibu na kazi za siku hizi. Katika kurasa zake mna miti isiyopukutisha majani, ambayo Hales aliona hutoa maji machache kuliko mingine. Mna matawi yaliyokatwa na kutiwa katika mirija ya kioo, ambayo yakiwa na majani yalifyonza maji kwa nguvu, na yalipopukutishwa majani yalifyonza kidogo sana. Kwa majaribio hayo ilibainika kwamba maji hupanda kwa sababu majani huyavuta, na kwamba jani ndilo mlango wa kutokea. Lakini huo mlango wenyewe hakuufahamu jinsi ufungukavyo na ufungwavyo.

Vitundu vya jani, ambavyo wanazuoni huviita stomata, vilikwisha kuonekana katika darubini za Marcello Malpighi wa Bologna na Nehemiah Grew wa Uingereza katika karne ya kumi na saba, wala hapana aliyejua kazi yake kwa yakini mpaka mwaka 1856, Mjerumani Hugo von Mohl alipoonyesha kwamba kila kitundu kimepakana na seli mbili zilizopindana, na ya kuwa seli hizo zikijaa maji huvimba na kuachana katikati, kitundu kikawa wazi, na zikipungukiwa na maji hulegea na kukutana, kitundu kikawa kimefungwa. Eneo la vitundu vyote vya jani vikiwa wazi aghalabu halifiki sehemu tano katika mia za eneo la jani zima, lakini karibu maji yote yatokayo hupitia humo, kwa kuwa ngozi iliyobaki imepakwa nta. Hapo ndipo penye mtihani wa maisha ya mmea. Kitundu kile kile kitoacho mvuke ndicho kipokeacho hewa ya ukaa, ambayo mmea hutengenezea chakula chake kwa nuru ya jua. Mmea ukivifunga vitundu hushikwa na njaa, ukiviacha wazi hushikwa na kiu, wala haukupewa njia ya tatu.

Hata hivyo iko mimea michache iliyoupunguza mtihani huo kwa kubadili saa za kazi. Mwaka 1813 Benjamin Heyne, aliyekuwa India, aliandika kwamba majani ya mmea mmoja wa bustani yake yalikuwa machachu alipoyatafuna asubuhi, na adhuhuri hayakuwa na ladha, na jioni yalikuwa machungu. Na watu walihitaji zaidi ya miaka mia kufahamu kwamba mmea wa namna hiyo hufungua vitundu vyake usiku, wakati hewa ina baridi na unyevu, ukaiweka hewa ya ukaa kwa namna ya asidi, na mchana ukavifunga vitundu na kuitumia akiba yake. Katika jamii hiyo umo mkonge, ambao Mjerumani Richard Hindorf aliuleta Tanganyika mwaka 1893 kutoka Florida, miche 62 tu ikifika ingali hai na kupandwa karibu na Pangani; na mashamba makubwa ya Tanga, Korogwe na Morogoro yote yalitokana na mmea upumuao usiku. Lakini mahindi, mtama, ngano, maharage na karanga hazina hila hiyo. Hizo hazina budi kufungua mchana.

Swali lililofuata lilihusu njia ya maji ndani ya shina. Mwaka 1891 Eduard Strasburger wa Bonn alichapisha habari za miti mirefu aliyoikata chini na kuisimamisha katika maji yenye sumu. Sumu ilipanda zaidi ya mita 20, ikiua kila seli hai iliyopitia, na baada ya hapo majimaji yakaendelea kupanda vile vile. Kumbe shina halikuwa likiyasukuma maji kwa uhai wake. Henry Dixon na John Joly, wa Dublin, walimzuru Strasburger, na mwaka 1894 wakatoa hoja iliyochekwa na wengi wa zama zao: ya kwamba chembe za maji zimeshikamana zenyewe kwa zenyewe kwa nguvu kubwa mno, hata jani linapotoa mvuke huivuta nguzo nzima ya maji iliyo chini yake, kutoka ncha ya mti mpaka ncha ya mzizi na mpaka katika udongo. Kwa hoja hiyo maji yaliyomo mtini yamekazwa mfano wa kamba ya nanga wakati wa mkondo mkali, nayo hukazika zaidi kila udongo unapokauka, kwa kuwa udongo mkavu huyashikilia maji yake machache kwa nguvu inayozidi kila siku.

Na kitu kilichokazwa huweza kukatika. Mwaka 1966 John Milburn na mwenzake waliweka kifaa cha kusikilizia mitetemo juu ya majani ya mbarika yaliyoachwa yakauke, wakasikia milio midogo, mmoja baada ya mwingine, ya nguzo za maji zikikatika na nafasi yake kushikwa na mvuke. Mshipa uliokatika hivyo hauleti tena maji. Kwa hiyo mmea usiofunga vitundu vyake mapema hupoteza zaidi ya maji ya siku ile, maana hupoteza na mifereji ya kuletea maji ya kesho. Na hii ndiyo sababu kuu, kwa maoni yangu, ya mmea kutahadhari kabla ya dhiki kuwa kubwa. Miaka ile ile Per Scholander na wenzake wa California walivumbua chumba kidogo cha chuma ambamo tawi lililokatwa hubanwa kwa hewa ya nguvu mpaka maji yarudi kwenye jeraha lake, wakajua kwa hesabu jinsi maji yalivyokuwa yamekazwa. Na ili kupata matawi ya miti mirefu waliyaangusha kwa bunduki. Hoja ya Dixon na Joly ikapata burhani. Miongoni mwa miti waliyoipima ilikuwamo mikoko, jamii ya ile itoayo boriti za Lamu na Rufiji, nayo ilionekana imekaza maji yake kupita miti ya bara yenye kumwagiliwa, kwa kuwa husimama katika maji ya chumvi ambayo ni shida kuyanywa sawasawa na udongo wa jangwa.

Turudi nyuma kidogo: wakati wanazuoni wa Ulaya walipokuwa wakibishana juu ya shina, Wamarekani wawili waliutazama udongo. Lyman Briggs na Homer Shantz, wa idara ya kilimo ya serikali yao, walipanda mimea ya aina nyingi katika vyungu vilivyozibwa kwa nta, wakaiacha bila maji mpaka majani yalegee, na mmea ulipolegea waliuweka mahali penye unyevu mwingi waone kama utasimama tena. Usiposimama, waliupima udongo wake papo hapo. Waliyoyachapisha mwaka 1912 yalikuwa ya kushangaza. Kiasi cha maji kilichobaki katika udongo wakati mmea unaponyauka moja kwa moja hakikutofautiana sana baina ya mmea wa jangwani na mmea wa bustani. Kilichotofautiana ni udongo. Katika mchanga mnene mmea haukunyauka mpaka ibaki kama sehemu moja tu ya maji katika mia, ilhali katika udongo wenye mfinyanzi mwingi ulinyauka zikiwa zimebaki sehemu 15 na zaidi. Mtu aweza kuchukua bonge la mfinyanzi lenye unyevu, lenye uzito wa maji mara kumi ya mchanga, na mmea ulio ndani yake ukawa unakufa kwa kiu.

Shantz alikuwa mtu wa kufahamika huku kwetu. Alivuka Afrika kutoka Cape mpaka Cairo mwaka 1919 na 1920, akaandika pamoja na Curtis Marbut kitabu juu ya uoto na udongo wa Afrika kilichotoka mwaka 1923, na mwaka uliofuata alirudi Afrika Mashariki katika tume ya Phelps-Stokes iliyochunguza elimu, pamoja na James Aggrey, ambaye jina lake bado linakumbukwa na wengi. Huko Akron, katika jimbo la Colorado, yeye na Briggs walikuwa wamekwisha kupima ni kiasi gani cha maji kila zao hutumia kutengeneza kilo moja ya mwili mkavu: uwele na mtama zilitumia kilo 300 za maji au karibu yake, ngano zaidi ya 500, na majani ya alfalfa zaidi ya 800. Hesabu hiyo ilithibitisha kwa mizani busara ya Wagogo, na Wanyaturu, na Wakamba, ambao walikuwa wakipanda mtama na uwele karne nyingi kabla ya Colorado kupata kituo cha utafiti.

Ndiyo maana ni vigumu kuisoma habari ya Kongwa bila majonzi. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianza mradi wa karanga katika Tanganyika, kwa azma ya kulima zaidi ya ekari milioni tatu ili kupunguza uhaba wa mafuta ya kula uliofuata vita vikuu, na Kongwa ikafanywa mahali pa kuanzia. Mvua za Ugogo ni chache na hazina ahadi. Na udongo wa Kongwa una mfinyanzi, ambao kiangazi ulikauka ukawa mgumu hata karanga zilizokomaa zikashindikana kuchimbuliwa. Alizeti zilipandwa pia, nazo ukame ukaziunguza. Mwanzoni mwa mwaka 1951 mradi ukaachwa, na zaidi ya pauni milioni 30 zilikuwa zimepotea. Kazi ya Briggs na Shantz ilikuwa imekwisha kuchapishwa miaka 35 kabla ya mradi kuanza, na wenyeji walikuwa papo hapo. Waliopanga hawakuuliza vya kutosha kwa huyu wala kwa yule.

Lakini kazi ya Briggs na Shantz, pamoja na ubora wake, iliwapoteza wanazuoni kwa upande mwingine. Kwa kuwa mimea yote ilinyauka karibu mahali pamoja, wengi walihukumu ya kuwa udongo ndio mtawala na mmea ni mtawaliwa tu; na huko Davis, California, Veihmeyer na Hendrickson walitetea kwa miaka mingi rai kwamba maji ya udongo huufikia mmea kwa urahisi ule ule mpaka yafikie kiwango cha kunyauka, kisha hukatika ghafula. Rai hiyo ilikuwa na faida kwa wenye mashamba ya miti ya matunda, maana iliwazuia kumwagilia ovyo; lakini mwaka 1962 Denmead na Shaw, wa jimbo la Iowa, waliyapima mahindi katika mapipa yaliyofukiwa shambani, wakaona kwamba siku ya jua kali na hewa kavu mahindi hupunguza kutoa mvuke ilhali udongo ungali na maji mengi, na siku ya mawingu huendelea kutoa mvuke mpaka udongo ukaribie kukauka. Hapana kiwango kimoja cha udongo kitoacho amri. Mmea hupima pande mbili, juu na chini.

Hupima kwa kitu gani? Jibu lilianza kuonekana mahali pasipotarajiwa, katika matunda machanga ya pamba yapukutikayo. Mwaka 1963 Frederick Addicott na wenzake wa California walitoa katika matunda hayo homoni iliyodhaniwa kuwa ndiyo iyaangushayo. Wakati huo huo Philip Wareing, huko Wales, alikuwa akitafuta kitu kilazacho machipukizi ya miti wakati wa baridi. Na mwaka 1965 ikabainika kwamba vitu viwili hivyo ni kimoja, kinachoitwa sasa asidi ya absisiki. Kazi yake iliyo kubwa ilionekana mwaka 1969, Wright na Hiron walipoyaacha majani ya ngano yalegee na kukuta asidi hiyo imeongezeka mara nyingi kwa muda wa saa chache; na mwaka huo huo wengine wakaonyesha kwamba majani yakipewa asidi hiyo vitundu vyake hufungwa. Tulikwisha kujua, kwa kazi ya Wajapani Imamura na Fujino na waliowafuata, kwamba seli za kitundu huvuta chumvi ya potasiamu ndani zikafuatwa na maji na kuvimba. Asidi ya absisiki huzifanya ziitoe potasiamu hiyo nje, maji yakaifuata, na kitundu kikajifunga. Uko mnyanya wenye kasoro ya kuzaliwa, ambao hulegea hata ukiwa umemwagiliwa vizuri, kwa kuwa haufungi vitundu vyake. Ukinyunyiziwa asidi hiyo husimama.

Hapo wengi walidhani kisa kimefika mwisho: jani hupungukiwa na maji, jani hutengeneza asidi, jani hujifunga. Lakini kulikuwa na jambo lililokataa kuingia katika maelezo hayo, nalo ni kwamba mara nyingi vitundu hufungwa katika jani ambalo halijapungukiwa na kitu. Ni nani basi aliyeliambia?

Mwaka 1985 Blackman na William Davies, wa Chuo Kikuu cha Lancaster, Uingereza, waliotesha miche ya mahindi, wakaigawa mizizi ya kila mche mafungu mawili na kuyatia katika vyungu viwili; chungu kimoja kilimwagiliwa kila siku na kingine kikaachwa kikauke. Fungu lenye maji lilitosha kuulisha mmea mzima, na majani yalipopimwa yalikuwa yamejaa maji sawasawa na ya mimea isiyopata dhiki yoyote. Walakini vitundu vilikuwa vimeanza kufungwa. Mwaka uliofuata, huko Canberra, Gollan, Passioura na Munns waliiweka mizizi ya ngano na alizeti ndani ya vyumba vya hewa ya nguvu, wakawa wanaongeza nguvu hiyo kadiri udongo ulivyokauka, hata majani yakabaki yamejaa maji kwa kulazimishwa. Na alizeti, ambayo Hales aliipima miaka mia mbili na sitini kabla yake, ikavifunga vitundu vyake vile vile udongo ulipokauka, bila kujali kwamba majani yake yamejaa. Kisha mwaka 1990 Gowing, Davies na Jones wakaigawa mizizi ya miche ya matofaa katika vyungu viwili, na ukuaji wa majani ulipopungua wakaikata ile mizizi iliyokuwa katika udongo mkavu na kuitupa. Kukata mizizi hakuwezi kuuongezea mmea maji hata tone. Lakini majani yalianza tena kukua.

Katika majaribio yote ya historia hii, hilo la matofaa ndilo nilipendalo kuliko mengine, maana halikumwachia mpinzani mahali pa kukimbilia: mizizi iliyo katika udongo mkavu ilikuwa ikipeleka habari juu, na habari ilipokatwa, jani likatulia. Davies na mwenzake Jianhua Zhang walikwisha kupata asidi ya absisiki ikiongezeka katika mizizi iliyokaukiwa na katika majimaji yapandayo, na mwaka 1991 wakaikusanya hoja nzima: ncha za mizizi zikigusa udongo unaokauka hutengeneza asidi hiyo, mkondo wa maji huibeba, na jani huipokea kabla halijaona kiu. Wakulima wa mizabibu wa Australia waliichukua hoja hii na kuitia kazini, wakawa wanamwagilia upande mmoja wa mzabibu na kuuacha mwingine ukauke, kisha wanabadilisha. Mizizi ya upande mkavu huuonya mmea, mizizi ya upande wenye maji huulisha, na zabibu huvunwa kwa maji machache zaidi.

Hoja hiyo nayo ilipata wapinzani wenye haki. Rana Munns na mwenzake waliondoa asidi yote katika majimaji ya ngano iliyokaukiwa, na majimaji yakaendelea kufunga vitundu. Na mwaka 2002 Michele Holbrook na wenzake waliunganisha vikonyo vya minyanya mizima juu ya mizizi ya minyanya isiyoweza kutengeneza asidi hiyo sawasawa, na udongo ulipokauka majani yakafunga kama kawaida. Basi mjumbe hakuwa asidi pekee. Mwaka 2018 wanazuoni wa Japani, kwa kutumia mmea mdogo wa jamii ya haradali, walionyesha kwamba mizizi yenye kiu hutoa protini fupi mno, iitwayo CLE25, ambayo hupanda mpaka jani na kuliamuru litengeneze asidi ya absisiki lenyewe. Kwa sasa huo ndio ujuzi wetu ulio bora: habari hutoka mizizini, na asidi hutengenezwa chini na juu pia. Kuhusu njia ambayo asidi hupokewa na seli, ilipatikana mwaka 2009 na makundi mawili, la Sean Cutler huko California na la Erwin Grill huko Munich, kila moja kwa njia yake.

Mizizi kwa upande wake ina vitundu vidogo kupita vya jani, njia za protini zipitishazo maji katika ngozi za seli, ambazo Mmarekani Peter Agre alizigundua katika damu ya binadamu mwaka 1992 na kupewa tuzo ya Nobel mwaka 2003, na Christophe Maurel akazionyesha katika mimea mwaka 1993. Mmea huzifungua na kuzifunga njia hizo kwa saa chache, ukiongeza au kupunguza uwezo wa mzizi wa kunywa.

Katika mazao yetu, lililoithibitisha busara hii ya kutahadhari mapema kuliko mengine ni muhogo. Mabrouk El-Sharkawy na James Cock, katika kituo cha utafiti kilichoko Colombia, waliona katika miaka ya 1980 kwamba muhogo huvifunga vitundu vyake hewa inapokuwa kavu hata kama udongo wake una maji tele, na kiangazi kinapozidi hupunguza majani mapya na kuendelea kunywa kidogo kidogo kutoka kina cha mita mbili. Zao lililoletwa Afrika na Wareno kutoka Brazil limewaokoa watu wa pwani na wa bara katika miaka ya njaa kwa tabia hiyo hiyo.

Mtama na uwele havijapimwa kwa bidii kama mahindi na ngano, wala aina nyingi za mbegu zilizomo katika maghala ya wakulima wa Dodoma, Singida na Kitui hazijapimwa kabisa kwa namna hii. Naliweka ombi langu mbele ya walimu wa sayansi wa mikoa hiyo. Jaribio la mwaka 1985 halihitaji mashine: mche mmoja, mizizi iliyogawanywa makopo mawili, maji ya kutilia katika kopo moja tu, na rangi ya kucha isiyo na rangi, ambayo ikipakwa chini ya jani, ikaachwa ikauke, kisha ikabanduliwa kwa utepe wa gundi, huonyesha katika darubini ya shule kama vitundu vilikuwa wazi au vimefungwa. Lifanyeni kwa mahindi kwanza, kisha kwa mtama wa wazazi wa wanafunzi wenu, na muyaandike mtakayoyaona, pamoja na jina la mbegu na la kijiji ilikotoka.